Muulize Mjomba: Piki zitangulie Tabora, sisi tutazikuta

Desemba ikikaribia barua zangu zinakuwa za aina moja. Watu wa huku Kigoma walioko Dar wanataka kuja nyumbani na piki zao, ila njia nzima hawataki kuiendesha, au wanataka lakini mke kakataa. Safari hii nimechukua nne tu, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sana mhariri atanisamehe.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Sisi ni vijana wanne, wote watoto wa Ujiji na Gungu ila kazi zetu ziko Dar, wawili bodaboda Mbagala, mmoja fundi friji, mimi niko dukani Kariakoo. Kila mwaka tunapanda basi tunafika miguu imevimba, mwaka huu tumesema hapana. Wazo letu piki zitangulie Tabora, sisi tuje nyuma tuzikute, halafu kuanzia Tabora mpaka Kigoma tunaendesha wenyewe, kila mtu na ya kwake, tuingie Ujiji kama wanaume. Tuna Boxer mbili, TVS moja na Honda ya zamani. Sasa ugomvi ni usafiri wa piki, mmoja anasema treni, mwingine lori, wa tatu ana konda wake anayejuana nae anasema atazilaza kwenye buti la basi bei ya mshkaji. Mimi sina msimamo. Halafu mama kasikia habari hii kutoka kwa majirani, wiki nzima hapokei simu zangu. Tusaidie. (Mwana Ujiji, Mbagala)

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Ya mama yako ntaifikia mwishoni maana hiyo ndio ngumu kuliko ya treni.

Wazo lenu zuri na wala msidhani mmelibuni nyie. Kutanguliza chombo kwa treni halafu ukakikuta huku ni mambo ya kale kwetu. Meli ya Liemba ile pale bandarini ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafumuliwa ikatiwa kwenye makasha maelfu, ikaja Dar kwa meli, kutoka Dar ikapanda treni mpaka Kigoma, na reli yenyewe ilikuwa ndo kwanza imefika huku 1914, wakaiunga upya ikashuka majini 1915. Sasa kama meli nzima imepanda treni, Boxer mbili ni nini. Ila nataka mlione hili, makasha yale huku Kigoma yalikuwa na mafundi wake. Mzigo haukushuka stesheni ukakuta hakuna anayeujua. Nyie kwenye barua yenu yote ndefu mmenitajia treni, lori, basi, konda, mama, majirani, hamjanitajia nani anazipokea piki Tabora. Hapo ndipo safari za namna hii zinapofia, sio njiani.

Haya, tuanze na konda. Huyo mwambieni asante. Piki ikilazwa ubavu safari ya zaidi ya saa kumi, betri ile ya maji inamwaga asidi, oili inapanda kwenye kisafisha hewa na kwenye silinda, petroli iliyobaki inapita kwenye kifuniko cha tanki inaingia kwenye mabegi ya abiria, harufu tu inatosha kuleta ugomvi Dodoma. Halafu lever ya klachi ndio inayobeba uzito wote upande ule. Piki moja ndogo kwa dharura sawa, watu wanafanya, ila nne kwenye buti moja msimu wa sikukuu ambapo kila abiria ana kiroba na televisheni, hapana.

Lori sasa. Lori lina faida moja kubwa, linaondoka wakati wowote na linaweza kukushushia mpaka mlangoni, na bei mnaongea. Ubaya wa lori ni dalali. Unampa piki mtu wa Kariakoo, yeye anampa mwenzie, mwenzie anampa dereva ambae hujawahi kumuona, na kila mmoja ana karatasi yake au hana. Mimi yaliyonikuta ntawaambia. Miaka kadhaa nyuma nilituma piki yangu kwa njia hiyo hiyo, nikaambiwa siku tatu. Siku ya tatu naambiwa lori liko Manyoni limeharibika springi. Siku ya sita liko Manyoni. Siku ya nane bado liko Manyoni, nikaanza kuwaza huko Manyoni kuna nini. Siku ya kumi na moja piki ikafika, safi kabisa, imefutwa vumbi mpaka nikashangaa, kumbe wamefuta kwa sababu, naangalia kilometa kwenye dashibodi zimeongezeka sitini na kitu. Yaani piki yangu ilikuwa inafanya bodaboda Manyoni wakati mimi napiga simu. Nilibishana nao mpaka koo likakauka, ushahidi sina, sikupiga picha. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kitu cha kwanza cha kufanya kabla ya kukabidhi piki namwambia piga picha ya dashibodi, kisha namba ya injini, kisha namba ya chesesi, kisha piki yenyewe pande zote nne huku aliyepokea akionekana kwenye picha. Akikataa kuonekana umeshapata jibu lako.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa treni, na sababu yangu wala sio bei. Behewa halina kona. Halisimami kwa shemeji, halibadilishi njia kwenda kuchukua vitunguu. Treni ya kuja Tabora na Kigoma bado ni ile ya reli ya zamani, SGR ya abiria mpaka naandika hapa inaishia Dodoma, na ile ya zamani taratibu zake za mizigo zinajulikana, unapeleka stesheni, wanapima, unalipa, unapewa karatasi yenye jina la anayetuma na jina la anayepokea. Nendeni stesheni wenyewe mapema muulize wanapokea piki siku gani na wanataka iandaliwe vipi, msitume mtu aulize, na msimsikilize kijana yeyote anayewakuta nje ya geti anasema ndani kumejaa ila yeye ana nafasi.

Ubaya wa treni ni maji. Kipande cha Kilosa mpaka Gulwe toka enzi za Mjerumani mto unakula tuta la reli, mvua ikikolea safari zinasimama mpaka warekebishe. Na mnasafiri Desemba. Kwa hiyo msitume piki siku mbili kabla yenu, tumeni wiki mbili kabla. Najua wawili wenu piki ndio ugali wa kila siku, wiki mbili bila kazi zinauma, ila hesabuni kabisa kwenye gharama kama mnavyohesabu mafuta. Msipofanya hivyo mtafika Tabora piki ziko Morogoro, mtakula hela ya Krismasi gesti.

Kuiandaa sasa, hapa msiwe na haraka.

Petroli yote itoke. Sio kidogo ibaki ya kuwashia, yote. Behewa limefungwa, bati, jua la Dodoma, mvuke wa petroli, sihitaji kuendelea. Funga koki, iache injini iungurume mpaka izime yenyewe ili kabureta nayo ikauke, halafu acha kifuniko cha tanki wazi kivulini lipumue. Betri chomoa waya, anza na hasi, uzizungushie selotepu zile ncha. Vioo vyote vitoke, na indiketa kama zimekaa nje sana, vifungwe kwenye gunia lenye jina na gunia lifungwe kwenye piki yenyewe, sio kukabidhi mkononi. Vitu vinavyochomoka bila spana, yaani tulboksi, mfuniko wa pembeni, turubai, bodi ya redio kwa nyie mabodaboda mnaopenda miziki, bakisheni Dar au bebeni wenyewe. Shingo usiifunge loki maana wapakiaji wakishindwa kuisukuma wataibeba, na wakiibeba watashika pasipo. Ufunguo usiuache kwenye piki, mmoja kaa nao, wa pili mtumie mpokeaji kwa mtu unayemwamini. Ile Honda ya zamani ambayo najua ufunguo wake ni mmoja na hata bisibisi inawasha, chomoeni plagi mje nayo mfukoni.

Kufunga ndani ya behewa msitegemee kamba za manila peke yake, zinalegea. Mipira ya tyubu za zamani, ile mnayokata vipande virefu, ndio dawa, inavuta na inarudi. Piki isimame wima, ifungwe sehemu nne, mbili mbele kwenye shingo chini ya usukani na mbili nyuma kwenye fremu, ivutwe mpaka shokapu zishuke kidogo, maana ikiwa imekaa juu ya shokapu bila kuvutwa kila treni ikigonga inaruka na kamba inalegea. Usifunge kwenye lever wala kwenye keria. Stendi ya pembeni msiitumie. Katikati ya piki na piki wekeni boksi au gunia, rangi isisuguane. Kama wapakiaji wa stesheni hawawaruhusu kufunga wenyewe basi simameni pale na mtoe hela ya soda, hela ya soda ya kuli ni bima ya bei rahisi kuliko zote. Na bima nyingine mnayodhani mnayo hamna, ile thirdparty yenu inamhusu mtu mtakayemgonga barabarani, piki ikiwa mzigo na ikavunjika thirdparty haina habari nayo. Kwa hiyo ulizeni kabisa wakati mnalipa, kitu kikipotea au kikivunjika wanafidia vipi na mnatakiwa kulalamika ndani ya muda gani, muandikiwe kwenye karatasi.

Mpokeaji. Mtafuteni mtu wa Tabora mjini, awe na nyumba sio chumba, awe na kitambulisho ambacho jina lake linafanana herufi kwa herufi na lililoko kwenye karatasi ya treni. Watu wengi wanaandika jina la utani, baba fulani, halafu stesheni wanamkatalia mzigo na wana haki. Mtumieni picha ya ile karatasi. Mtumieni na hela ya petroli lita moja moja, maana tanki ziko tupu mlizitoa wenyewe, nimeona vijana wakisukuma piki kutoka stesheni usiku kutafuta sheli huku wanatukanana nani alisema petroli yote itoke. Nilisema mimi. Ila nilisema pia lita moja.

Nyie mkifika Tabora laleni. Msishuke kwenye treni mkapanda piki. Siku ya kwanza ni ya kukagua, upepo wa tairi, cheni, breki zote mbili, nati za matairi, kila kebo, halafu mzunguke mjini, nendeni mpaka Kwihara kule kwenye tembe alilokaa Livingstone mrudi, kama kuna kitu kimelegea kitasema kabla hamjatoka mjini. Nunueni na asali, ila kwenye dumu la mfuniko mzuri, sitaki kueleza.

Kesho yake ndio safari. Hapa kuna kitu watu wa Dar mnakisahau, huku jua linachelewa. Desemba Dar saa 12 asubuhi kumeshapambazuka, Tabora saa 12 hiyo hiyo bado giza, mpaka saa 12 na nusu ndio mnaona barabara. Msiondoke gizani kwa kuangalia saa. Malipo yake mnayapata jioni, Kigoma jua linazama zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar, kwa hiyo mchana wenu ni ule ule umesogea tu. Tabora mpaka Kigoma ni zaidi ya kilometa 400, kwa piki za cc 125 na 150 zenye mzigo hesabuni saa tisa pamoja na kukaa chini na kunyoosha mgongo, mkitoka saa 12 na nusu mnafika mchana mweupe.

Mpaka Urambo ni kama kilometa 90, lami, mashamba ya tumbaku, mtapita haraka. Kaliua wekeni mafuta mjaze kabisa hata kama tanki ni nusu, hata kama mnaona bei imezidi ya Dar, EWURA ndio wanatoa hizo bei kikomo kila mwezi na huku mbali lazima iwe juu, lipeni tu. Boxer inabeba lita kumi na kitu, kwa mzigo inakwenda kama kilometa 40 kwa lita, kwa hiyo ukijaza Kaliua unafika Kigoma na bakaa. Honda ya zamani siiamini, ibebeeni lita mbili za ziada kwenye galoni la bati. Yale mafuta ya chupa za maji barabarani ni ya mtu aliyekwama kweli.

Baada ya Kaliua ndio mnaingia Malagarasi, na mimi ukiniuliza safari yote hii naifanya kwa ajili ya kipande hiki. Bonde kubwa, majani mpaka macho yanachoka, maji yanang'aa huko mbali, ndege. Mwaka 2000 liliwekwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu duniani, la kwanza Tanzania. Simameni kwenye Daraja la Kikwete, zimeni injini, msikilize. Dakika kumi tu, maana mbung'o nao watakuwa wamewasikia. Mbung'o anapenda rangi ya bluu na nyeusi, wale wenye majaketi meusi ya kishua mtajuta, vaeni kaki au rangi za udongo na mikono mirefu. Zamani kuanzia hapo kwenda Uvinza ndio ilikuwa sehemu ya watu kulia, masika lori zinalala wiki. Hata sasa nasema mkiona sehemu yenye matengenezo au udongo mwekundu umelowa shukeni gia mbili, miguu isining'inie kama nanga, na breki ya mbele isahauni kwanza.

Uvinza kuna chumvi toka mababu, kuna chai, kuna chapati. Kutoka pale mmebakiza kama kilometa 110. Mtasimamishwa na askari na pengine uhamiaji, msianze maneno, huu ni mkoa wa mpakani. Leseni daraja A, kadi ya piki, bima, na kitambulisho cha NIDA, vyote viwe kwenye mfuko wa plastiki kifuani sio kwenye begi chini ya dumu la asali. Na ukiulizwa kwenu wapi sema kijiji na jina la mwenyekiti, usiseme "mimi wa Dar" halafu lafudhi inatoka ya Kasulu, utakaa hapo mpaka jioni. Nimeona.

Sasa mama. Mpwa, mama yako hajakasirikia piki, kakasirikia kuambiwa na majirani. Usimpigie simu, mtumie dada yako aende nyumbani amwambie mambo mawili: kwamba Dar mpaka Tabora piki ziko kwenye behewa na wewe umekaa kwenye siti, na kwamba jioni ya siku hiyo mnataka ugali wa muhogo na migebuka ya mawese watu wanne. Mama wa Ujiji akishaanza kuhesabu migebuka hasira imekwisha.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Nataka kumtanguliza piki mume wangu, yaani piki yake (samahani nimecheka mwenyewe), itoke Dar ifike Kigoma moja kwa moja kwa lori la mtu tunayemjua. Tatizo kadi bado ina jina la aliyetuuzia, tulinunua mkononi mwaka juzi na yule mtu kahama namba yake haipatikani. Itapita? (Mama wa Watatu, Tabata)

JIBU: Nzuri dada yangu. Inaweza kupita na inaweza kulala kituo cha polisi, na hiyo ya pili ndio ntakayoiongelea.

Piki ni kitu kinachoibiwa sana, kwa hiyo askari akiona piki juu ya lori swali lake la kwanza ni kadi, la pili ni kadi ya nani. Dereva wenu hata awe mtu wa dini namna gani hana jibu. Mkataba wa mauziano mnao? Kama upo wenye sahihi na nakala ya kitambulisho cha muuzaji, fungueni safari ya TRA kabla ya safari ya Kigoma, mkahamishe umiliki, TIN ya mumeo itahitajika. Kama mkataba haupo mtafuteni yule mtu kwanza, kupitia mjumbe wa mtaa wake wa zamani, kupitia kijiwe alichokuwa anapaki, watu wa kijiwe wanajua mtu alipo hata kama anadaiwa, hasa kama anadaiwa. Msitume piki ile mpaka hilo liishe. Najua utasema mbona mwaka juzi mpaka leo inatembea Dar bila tatizo, ni kweli, ila Dar mumeo yuko juu yake anajieleza, kwenye lori itakuwa peke yake.

SWALI: Wewe Mjomba unawalea hawa vijana. Mimi nimeendesha piki yangu ya cc 650 Dar mpaka Kigoma mara tatu, siku mbili tu, lami tupu, mara mbili kupitia Itigi na mara moja kwa kuzunguka Nzega, Nyakanazi na Kibondo. Piki ni ya kuendesha sio ya kupakia. Mnaogopa nini? (Rider wa Kimara)

JIBU: Hongera mkuu, na sikutanii. Piki yako umesema kwenye barua ni ya 650, ya hawa ni 150 na moja ya zamani. Kwako kulipita lori ni kukunja mkono, kwao ni kuomba dua, wanakaa ubavuni mwa semi sekunde nyingi kuliko inavyofaa huku upepo unawavuta ndani. Kutoka Kimara mpaka umeiacha Morogoro hakuna raha yoyote, ni moshi na matrela, na siku zile za kukaribia Krismasi kila mtu ana haraka na nusu yao hawajalala. Itigi kuja Tabora lami nzuri lakini ni msitu mrefu watu wachache, Honda ikigoma hapo ni kulala nayo.

Mimi nilishawahi kuipiga njia nzima nikiwa na umri wako. Nilifika Kigoma nimechoka kiasi kwamba Malagarasi sikuiona, nilipita nikiwa nafikiria kiuno. Ukiwa na siku chache za likizo afadhali nguvu uzipeleke kwenye kilometa unazozitaka. Wewe endelea kuendesha yote, ukifika Tabora waambie vijana wakuandalie chai.

SWALI: Mjomba shikamoo. Mimi naishi Tabora, Isevya, nina vyumba viwili vya kupangisha na uwanja wenye geti. Binamu yangu wa Dar kanipigia anasema nimpokelee piki nne za rafiki zake stesheni, nizikalie kama wiki hivi mpaka waje. Sijui hata mmoja wao. Nisaini nini, nisisaini nini, na kikikosekana kitu si ndio ntaambiwa mimi? (Dada wa Isevya)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Sina uhakika kama ni wale wale wa barua ya kwanza, ila kama ndio wao basi nashukuru, kumbe walikuwa na mtu ila hawakuona kama ni wa kutaja.

Usiende stesheni mpaka uwe na vitu hivi kwenye simu: picha ya karatasi ya mzigo yenye jina lako kama lilivyo kwenye NIDA yako, picha za kila piki siku ilipopakiwa pamoja na dashibodi, na nakala za kadi zote nne. Wakikwambia "tutatuma badae" waambie na wewe utakwenda badae. Siku ya kwenda nenda na fundi wa piki wa mtaani unayemwamini na nenda mchana. Kabla hujasaini mzungukie kila piki na ile picha mkononi, kioo, taa, tanki, lever, kilometa. Ukikuta tofauti iandike kwenye karatasi yao hapo hapo mbele ya karani ndipo usaini, usikubali kusaini kwanza uje kulalamika kesho, kesho wewe ndio utakuwa uliyevunja. Piga picha nyingine hapo hapo, uzitume Dar kabla hujatoka getini.

Nyumbani ziwekwe mahali mvua haifiki, zifungwe mnyororo mmoja unaopita kwenye rimu zote nne, na mwambie balozi wako au mwenyekiti wa mtaa kwamba una piki za wageni, ili usiku mtu akiziona asianze kuuliza umeanza biashara gani. Petroli usiweke mpaka siku ya kuja. Na asiwashe mtu. Mtoto wa jirani atakuja kukwambia piki zikikaa zinaharibika aitoe moja ipate moto kidogo, mwambie injini wiki moja haifi.

Siku wakija wakague wao, wasaini daftari lako kwamba wamezikuta sawa, kila mtu yake. Hela ya uwanja na ya mlinzi uidai wakati wanakunywa chai, kabla hawajawasha. Wakishawasha zote nne hutasikilizwa.